Futa Daftari: Kujifunza Kupenda Bila Masharti

Katika mafundisho ya ndoa parokiani kwetu, mimi na mume wangu hupewa kipindi cha upendo, nasi huanza na swali jepesi: mchumba wako akipata ajali akakatwa miguu, utaendelea kumpenda? Ukumbi mzima huitikia ndiyo, tena kwa sauti. Swali la pili ni hili: akimtumia mama yake fedha bila kukwambia, je? Hapo watu hutazamana, hucheka kidogo, halafu ubishi unawaka mpaka katekista achungulie mlangoni kutukumbusha muda. Karibu kila mtu yuko tayari kupenda bila masharti katika balaa kubwa ambalo huenda lisimfike maisha yake yote. Kazi iko kwenye chumvi ya mboga, simu isiyopokelewa, wifi aliyekuja kusalimia na sasa ana miezi mitatu, na kodi ya nyumba.

Nawaandikia Wakatoliki wenzangu wanaosali, wanaohudhuria jumuiya, na ambao bado wana mtu mmoja nyumbani au katika ukoo anayewashinda kumpenda.

Mangi wa mtaani anakupa unga, sabuni na kiberiti bila kukuuliza maswali. Anakutania, anamjua mwanao kwa jina, na ukifiwa anafunga duka na kuja kuketi nawe. Lakini chini ya kaunta liko daftari, na kila ulichokopa kimeandikwa humo. Ana haki, ile ni biashara. Shida inaanza daftari hilo linapohamia sebuleni. "Nimekusomesha mimi." "Nilikukuta huna hata godoro." "Miaka yote hii nakupikia, leo ndiyo unanijibu hivyo?" Maneno ya namna hiyo hutoka siku ya hasira, ila yaliandikwa zamani, polepole, siku zile tulipokuwa tunatoa kwa tabasamu na watu wakitusifia moyo mwema.

Ndiyo maana simshauri mtu aanze kwa kuongeza wema. Wema wengi wetu tunao. Anza kwa kukagua ulioandikwa. Jioni moja, kabla ya sala ya usiku, mfikirie yule anayekuudhi kuliko wote, kisha ujiulize: namdai nini? Taja bila haya, maana Mungu anajua tayari. Heshima. Shukrani. Ile laki mbili. Kumtunza mama nikiwa mbali, kisha nikaonekana sijafanya kitu. Ukishayataja utagundua kwamba kosa lake umeshalisahau nusu, na kinachokukereketa ni malipo ambayo hayajafika. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Sisi tunatenda wema, halafu tunakaa pale pale kungoja.

Mapadre hutuhubiria sana juu ya mwana mpotevu katika sura ya 15 ya Injili ya Luka. Mimi hunigusa zaidi kaka yake. Huyu hakutapanya mali, hakwenda nchi ya mbali, hakumpa baba usiku wa kukosa usingizi. Lakini siku nyumba ina ngoma na ndama amechinjwa, anasimama nje na kuanza kusoma daftari: miaka aliyotumika, amri alizotii, mwanambuzi ambaye hakupewa hata mara moja. Mdogo wake anamtaja kama mtoto wa baba tu, kana kwamba wao wawili hawana undugu. Mzee yule anatoka nje mara mbili siku hiyo, kwanza kumkimbilia mdogo, kisha kumbembeleza mkubwa. Na Luka anakomea hapo. Kama kaka aliingia au alilala nje, hatuambiwi. Wengi wetu tunaojaza mabenchi ya mbele kanisani ni kaka huyo, na ni vizuri tujue kwamba baba ametoka kuja kutuita sisi pia.

"Lakini moyo wangu haumtaki." Hilo nalisikia kila mara, nami sioni sababu ya kumlazimisha mtu auamshe moyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba kupenda ni kumtakia mtu mema, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inarudia fundisho hilo katika namba 1766. Kumtakia mema kunawezekana hata kama ukisikia hatua zake mlangoni tumbo linakukaza. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, aliandika wazi kwamba katika Mungu ninaweza kumpenda hata mtu nisiyemfurahia. Bwana wetu alipotuagiza kuwapenda adui alijua vyema kwamba hakuna anayechangamka akimwona adui. Alituagiza kitendo, na kitendo kinaagizika.

Kwa wazazi, mwalimu wangu ni Mtakatifu Monika, Mwafrika wa Tagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Tunamkumbuka tarehe 27 Agosti, siku moja kabla ya mwanawe Augustino. Tumezoea kusikia habari za machozi yake tu, na wamama wengi wametulia hapo: kulia na kungoja. Kisichosimuliwa sana ni kwamba hata yeye alianza na masharti. Augustino mwenyewe anaeleza katika kitabu chake cha Maungamo kwamba aliporudi nyumbani akiwa mfuasi wa Wamanikea, kundi la kidini lililopingana na imani ya Kanisa, mama yake alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Kisha Monika akaota ndoto. Amesimama juu ya ubao akilia, na kijana mwenye kung'aa anamwambia atazame: pale alipo yeye, mwanawe yupo pia. Baada ya ndoto ile alimrudisha nyumbani na mezani.

Angalia nini kilitangulia nini. Kijana hakuwa amebadilika hata kidogo. Aliendelea na Wamanikea, akaendelea kuishi na mwanamke ambaye hakufunga naye ndoa. Askofu mmoja aliyeombwa na Monika aende kumkosoa alikataa kabisa. Alimwambia amwache, amwombee tu, kwani kijana bado ana kiburi cha mambo mapya na hasikii. Mwaka 383, pwani ya Karthago, Augustino alimdanganya mama yake kwamba anamsindikiza rafiki anayengoja upepo. Mama alikesha akisali katika kanisa la Mtakatifu Sipriano, na asubuhi merikebu ilikuwa imeshaondoka kwenda Roma. Monika akavuka bahari akamfuata. Ubatizo ulikuja usiku wa Pasaka ya mwaka 387 huko Milano, kwa mikono ya Askofu Ambrosi. Meza ilikuwa imefunguliwa miaka mingi kabla.

Tena Monika hakuwa malaika. Yule mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi, akamzalia mtoto wa kiume aliyeitwa Adeodato, aliondolewa na kurudishwa Afrika kwa sababu ilitafutwa ndoa yenye hadhi, na Monika alishughulika sana na mpango huo. Simchafui mtakatifu. Nalisema hili kwa ajili ya mzazi anayedhani watakatifu walizaliwa wakijua kupenda. Monika alijifunza kidogo kidogo mpaka kitandani mwa kufa. Miaka yote alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe, kule nyumbani. Alipougua Ostia, karibu na Roma, mwaka huo huo wa 387, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke altareni. Sisi tunaojua jinsi ukoo unavyoweza kufikishana mahakamani kwa sababu ya maiti, kama ilivyokuwa kwa wakili S. M. Otieno kule Kenya mwaka 1987, tunaelewa alichokiachilia mama huyu.

Sasa tuje kwetu. Yuko baba mmoja namfahamu ambaye binti yake alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Majirani walitega sikio wasikie kipigo. Baba alikaa kimya siku nzima, jioni akamwambia binti: "Nimeumia sana. Chakula kiko jikoni." Siku ya kliniki alimsindikiza yeye mwenyewe, akaketi kwenye benchi katikati ya wajawazito, kofia yake mapajani, akijibu salamu za watu wanaomfahamu. Mtoto alipoacha kunyonya, baba alikwenda kuulizia shule, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilishawafungulia mlango wa kurudi darasani wasichana waliokatizwa masomo na mimba.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, nami siipingi. Lakini tazama vizuri alichofanya yule baba. Hakusema kosa si kosa. Alisema ameumia, na binti alilisikia neno hilo kuliko fimbo. Kumkanya mtoto ni kumtakia mema. Kumnyima salamu miezi sita ili ajute ni kulipiza kisasi, hata kama tunakuita malezi. Njia ya kupambanua ni nyepesi: adhabu yenye upendo ina mwisho unaojulikana na mtoto anajua inamjenga wapi. Kisasi hakina tarehe ya mwisho.

Mtoto aliyekimbia Kanisa akaenda kwingine, aliyeoa bila ndoa takatifu, aliyeacha kazi mliyomtafutia, mshike kwa namna ile ile ya Monika baada ya ndoto. Msimamo wako anaujua, alilelewa nao. Hana haja ya kuusikia kila anapokuja kula. Akija, mwandalie sahani, muulize habari za kazi na afya, na ugomvi wa dini umpelekee Mungu usiku.

Wasio na mtoto aliyepotea bado wana mkwe, shemeji, mwenyekiti wa jumuiya, au mfanyakazi mwenzao. Kwa hawa simfahamu mwalimu bora kuliko Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24 katika monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, Ufaransa. Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997. Sehemu nzuri ya elimu yake aliipatia koridoni, akimkokota sista mzee ambaye hakuna mtu aliyemridhisha.

Sista huyo alikuwa mgonjwa, na kila jioni ilibidi aongozwe kutoka kanisani kwenda chumba cha chakula. Teresia akajitolea. Ilibidi amshike mkanda kwa nyuma na kumfuata taratibu. Akienda haraka, analalamikiwa kwamba anataka kumwangusha mtu. Akipunguza mwendo, analalamikiwa kwamba mkono wake hausikiki. Wakifika mezani, kumkalisha kuna namna yake, kumkunja mikono ya vazi kuna namna yake. Baada ya siku kadhaa Teresia akaona kwamba mzee anahangaika kukata mkate. Hakuambiwa. Akaanza kuukata kila jioni, kisha anamtabasamia na kuondoka. Ni hilo lililomlainisha yule mzee, jambo ambalo halikuombwa na halikuwa katika zamu.

Kulikuwa na sista mwingine ambaye kila kitu chake kilimchukiza Teresia: mwenendo, maneno, tabia. Akaamua kumtendea kama angemtendea mtu anayempenda kuliko wote. Kila wakikutana alimwombea. Akitaka kumjibu vibaya alitabasamu na kubadilisha mazungumzo. Na hapa ndipo ninapompendea Teresia: mapambano yalipomzidi, alikimbia. Aliondoka mahali pale mbio, naye anasimulia bila kujionea aibu. Yule sista hakushtuka kitu. Siku moja alimuuliza kwa furaha ni nini hasa kinachomvuta kwake.

Fanya hivyo hivyo. Usijipe kazi ya kuupenda ukoo mzima kwa mpigo. Chagua mtu mmoja tu kwa Kwaresima moja au kwa miezi michache. Mtaje kwa jina katika sala ya asubuhi, tena mwombee kile anachokihitaji yeye. Ukimwombea abadilike ili wewe upumzike, umejiombea wewe. Kisha mtafutie mkate wako wa kumkatia: jambo dogo ambalo halijui, au ambalo hatalihesabu. Mkwe mwenye magoti mabovu, mwekee kigoda bafuni. Shemeji anayejisifu, msikilize hadithi yake mpaka mwisho bila kutoa yako. Usimwambie mtu, wala usilete ushuhuda jumuiyani. Na ukiona ulimi unawasha, inuka uende uani ukaanue nguo. Kukimbia nako ni upendo, na Mwalimu wa Kanisa ametutangulia.

Ndani ya ndoa, Papa Fransisko alituachia maneno matatu mafupi: naomba, asante, samahani. Yamo katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, ambayo sura yake ya nne inachambua neno kwa neno sifa za upendo ambazo Paulo aliwaandikia Wakorinto, ikiwemo ile ya kutoweka kumbukumbu ya ubaya. Nimeona ndoa nyingi zenye samahani za kutosha zikidhoofika kwa kukosa asante. Mwanamume anayeleta mshahara kila mwezi huacha kushukuriwa kwa sababu ni wajibu wake. Mwanamke anayeamka alfajiri naye vivyo hivyo. Kila asante iliyokosekana inageuka kuwa mstari kwenye daftari.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Ndugu akikuomba, amua kabla ya kutuma kama ni mkopo au zawadi. Kama ni mkopo, semeni tarehe, na kukataa pia ni ruhusa. Kama ni zawadi, ukishabonyeza kutuma, isahau. Vurugu nyingi za koo hutokana na zawadi ambazo mtoaji moyoni aliziita mkopo.

Limebaki jambo zito, nami naliandika hasa kwa wanawake, kwa kuwa hapa tumefundishwa vibaya. Patrisio, mume wa Monika, alikuwa mkali na hakuwa mwaminifu. Monika alimvumilia kwa upole mpaka akabatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Wapo wanaoichukua habari hiyo na kumfungia nayo mama anayepigwa: vumilia, Monika alivumilia. Huo si ushauri wa Kanisa. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba mwenzi anayemweka mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kutengana naye. Papa Fransisko naye, katika Amoris Laetitia hiyo hiyo, alikiri kwamba zipo hali ambapo kutengana hakukwepeki, na hata ni wajibu. Kumtakia mema mtu anayekupiga ni kutaka aache kupiga, na hataacha kama kila akipiga mnafunika. Ondoka na watoto, nenda kwa ndugu anayeaminika, mwone paroko, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Unaweza kumwombea ukiwa salama.

Kukataa na kusamehe vinaweza kwenda pamoja. Jamaa Takatifu, shirika la masista wa kaskazini mashariki ya Kongo lenye jina la Kiswahili, lilimtoa Mwenyeheri Anuarite Nengapeta. Mwanzoni mwa Desemba 1964, mjini Isiro, kanali wa waasi alitaka kumchukua kwa nguvu. Alimkataa katakata, akauawa, na akiwa anakufa alimsamehe muuaji wake. Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Nawaomba wahubiri wasimtenganishe Anuarite aliyesamehe na Anuarite aliyekataa. Aliyafanya yote mawili usiku mmoja, na hakuna moja lililolipunguza jingine. Mlevi anayeuza sufuria za nyumba unaweza kumpenda na kumfungia kabati. Ndugu mwizi unaweza kumlisha na usimwachie ufunguo.

Msomaji atauliza nguvu ya yote haya inatoka wapi, kwa maana nusu ya tuliyoyataja inamshinda binadamu. Mimi naipata kwenye kiti cha maungamo kuliko mahali pengine popote. Pale unapiga magoti na daftari lako mwenyewe, la madeni unayodaiwa na Mungu, na hakuna anayekusomea ya mwaka jana. Unapewa malipizi, mara nyingi sala chache tu, ambazo hazifanani hata kidogo na ukubwa wa uliyoyasema. Ukitoka, hudaiwi. Asiyeungama mara kwa mara huanza kudhani ameustahili upendo wa Mungu, na anayedhani ameustahili huwadai wengine waustahili wake. Safari ijayo unapojiandaa kuungama, usiishie kuorodhesha hasira na matusi. Ungama na daftari: nimemhesabia mume wangu, nimemwekea mwanangu kinyongo, nimetoa msaada nikingoja nisifiwe. Katika miaka yangu yote hakuna padre aliyewahi kushangaa.

Na Jumapili, kabla hujapanga foleni ya komunyo, Baba Yetu itakuwa imeshakuuliza juu ya wanaokukosea. Bwana alisema kwamba ukikumbuka altareni kuwa ndugu yako ana neno nawe, uiache sadaka kwanza ukapatane naye. Siku hizi kuna simu, huna haja ya kusafiri.

Basi kama kuna mwanao, ndugu yako au rafiki ambaye hamjasemezana tangu mwaka jana, usingoje Krismasi wala msiba. Mpigie leo jioni. Muulize kama amekula, muulize habari za watoto. Usimuulize atakuja lini, na ile laki mbili usiitaje.